NYIRAGONGO SI KADI YA POSTA

Nianze bila salamu ndefu. Sisi vijana wa mjini tunaojiita waandishi tuna ugonjwa, na ugonjwa wenyewe huonekana vizuri tukipewa mlima unaowaka. Mpe mmoja wetu kalamu, mwambie: andika juu ya kreta ya volkano. Utaona mwenyewe. Sentensi ya kwanza: "jicho la shetani". Ya pili: "maajabu ya Muumba". Ya tatu anaingia mhusika mkuu, kamera shingoni, viatu vya bei mbaya miguuni. Anasimama ukingoni, anatazama ziwa la moto, anajiona mdogo kama sisimizi, machozi yanamlengalenga, kisha anashuka akiwa "ameelewa maisha". Kwisha habari. Kijiwe kizima kinapiga makofi.

Mimi sipigi. Nauliza: huyu ni nani? Jina lake Juma, au Amina, au Wanjiru, lakini macho aliyopewa si yake. Ni macho ya mtalii. Tumemvua mtalii ngozi, tukamvika Juma, tukasema hii ni fasihi yetu. Huo ni ubishoo, jamani.

Hoja yangu ni fupi. Anayeitazama kreta kutoka juu amelipa ili aione. Anayeitazama kutoka chini hakulipa kitu, na ndiye mlima unayemdai. Sisi tunaoandika Kiswahili tunaongea lugha ya yule wa chini, halafu tunaandika kwa macho ya yule wa juu. Mpaka tutakapoacha, hatutaandika chochote cha maana juu ya mlima wowote.

Nachukua Nyiragongo kwa makusudi. Najua tuna Ol Doinyo Lengai hapa Tanzania, na mlima ule nao una kesi yake. Lakini Lengai uko kwenye nyika yenye watu wachache. Nyiragongo, mashariki ya Kongo, una mji mzima miguuni, Goma, na mji huo unaongea Kiswahili sokoni, kanisani na kwenye ugomvi wa majirani. Hao ni wasomaji wetu. Ni ndugu zetu wa lugha.

Kwa asiyeujua: Nyiragongo una urefu wa mita 3,470 hivi, na mdomo wake juu una upana wa kilomita moja na zaidi kidogo. Umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1925, ikapewa jina la mfalme wao Albert, na ambayo huhesabiwa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Ndani ya kreta, kwa miaka mingi, kulikuwa na ziwa la lava, mojawapo ya makubwa kabisa duniani. Kuanzia ukingo wake wa kusini hadi mitaa ya kaskazini ya Goma ni kilomita chache tu. Hebu fikiria hilo kabla hujaandika "maajabu".

Ziara ilikuwa hivi, katika miaka ambayo hifadhi ilikuwa wazi kwa wageni. Mtalii alifika Kibati asubuhi. Alikuwa na kibali, ambacho kabla ya hifadhi kufungwa mwaka 2020 kwa sababu ya Uviko kilikuwa cha dola 300 za Kimarekani. Akapewa askari wenye bunduki wa kumlinda, na akitaka, mpagazi wa kumbebea mzigo. Wakapanda saa nne, tano, sita, kwanza msituni, kisha juu ya mawe meusi ya lava ya zamani yanayosagika chini ya viatu, kisha mteremko mkali wa mwisho wenye ukungu na baridi. Ukingoni kulikuwa na vibanda vidogo vya kulala. Walilala huko kwa sababu moto huonekana vizuri gizani. Usiku ule mtalii alikaa ukingoni akitazama ngozi nyeusi ya lava ikipasuka mistari myekundu, inazama, inaumbika tena. Anasikia mngurumo kama wa bahari. Asubuhi anashuka.

Sikatai kwamba ni kitu kikubwa kukiona. Angekataa hilo angekuwa mpumbavu. Lakini katika usiku huohuo, mtalii akigeuza shingo tu, akaupa moto kisogo, angeona kitu kingine: taa za Goma. Na mbele ya taa hizo Ziwa Kivu. Sijasoma hata kazi moja ya vijana wetu ambamo mhusika amegeuza shingo. Wote wanatazama ndani ya shimo. Shimo halijawahi kuandika barua ya kulalamika, ndiyo maana linapendwa.

Sasa tushuke chini.

Tarehe 10 Januari 1977 mbavu za mlima zilipasuka, na lile ziwa la lava likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo si uji mzito. Ina silika kidogo mno, kwa hiyo ni nyepesi, hukimbia. Siku ile inakadiriwa ilishuka mteremkoni kwa kasi iliyofika kilomita 60 kwa saa. Hiyo ni kasi ya daladala barabara ikiwa nyeupe. Hesabu za waliokufa zinatofautiana, kuanzia watu 70 hadi mamia. Fikiria kufa kwa kukosa kukimbia kama gari.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka tena, na nyufa zikateremka hadi karibu na mji wenyewe. Lava ilipita katikati ya Goma, ikaukata mji vipande, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikaingia ziwani. Watu wapatao 400,000 wakakimbia, wengi wao wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Zaidi ya mia walikufa, wakiwamo waliounguzwa kituo cha mafuta kilipolipuka huku watu wakichota petroli. Wengine wapatao 120,000 wakabaki bila nyumba. Halafu, na hapa ndipo mwandishi wa kweli angesimamisha kalamu, baada ya siku chache tu wakaanza kurudi, wakitembea juu ya lava ambayo bado ilikuwa na joto chini ya ndala. Wakajenga upya juu ya lava, kwa mawe ya lava. Kuta nyeusi unazoziona Goma ni mlima uleule, umepangwa na fundi.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, anga likawa jekundu mara ya tatu. Lava ikafika vitongoji vya kaskazini, ikala maelfu ya nyumba, ikasimama karibu kabisa na uwanja wa ndege. Watu wasiopungua 32 walikufa. UNICEF ilisema zaidi ya watoto 150 walitenganishwa na familia zao. Ardhi ikatetemeka siku kadhaa mfululizo, na tarehe 27 Mei serikali ikaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihamwe. Mamia ya maelfu wakatoka usiku na mchana, kuelekea Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda.

Na kati ya tarehe hizo kuna Julai 1994, ambapo mlima haukulipuka, lakini mawe yake yalishiriki katika msiba. Wakimbizi wa Rwanda karibu milioni moja waliingia Goma na kando yake katika siku chache. Kipindupindu kikaanza. Watu walikufa kwa maelfu, na ardhi ya lava haichimbiki: jembe linagonga jiwe. Kaburi halichimbiki, choo hakichimbiki. Wewe unayeandika kwamba lava ni "damu ya dunia", umewahi kufikiri juu ya mtu anayemzika mtoto wake mahali ambapo jembe halizami?

Najua mtaniuliza: wewe mwenyewe umepanda? Swali zuri. Mama anayeuza maharage soko la Virunga, Goma, hajapanda, na wala hana dola 300. Sidhani kuna mtalii anayeujua mlima ule kumshinda.

Tuangalie basi tulikotoa haya macho. Mwaka 1948 mtaalamu wa volkano Haroun Tazieff aliliona ziwa la lava la Nyiragongo, na akarudi tena na tena, akashuka kretani kwa kamba, akaandika vitabu, akatengeneza filamu. Filamu yake ya 1959 iliitwa Les Rendez-vous du diable, yaani miadi na shetani. Nao Katia na Maurice Krafft, mke na mume kutoka Ufaransa, walipiga picha za milima ya moto dunia nzima mpaka mlima Unzen wa Japani ulipowaua Juni 1991. Siwalaumu hata kidogo. Walikwenda kwa miguu yao, walipima, walilipa kwa ngozi na roho zao. Waliandika cha kwao.

Lakini angalia: shetani wa kwenye sentensi yetu ya kwanza ametoka kwenye mabango ya sinema za Ulaya. Wenyeji walikuwa na hadithi yao zamani sana. Katika imani ya Ryangombe, upande wa Rwanda na Kivu, waliomfuata Ryangombe wakifa huenda Karisimbi kustarehe, na waliomkataa hutupwa Nyiragongo, motoni. Milima miwili inayotazamana, mmoja wenye baridi na amani, mmoja unaowaka, na kila mtu aliye bondeni anaiona yote miwili kila siku akilima. Hiyo ni fasihi, washikaji. Ina adhabu, ina tumaini, ina jiografia. Sisi tumeiruka, tukaenda kuazima shetani wa sinema.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo linahusu kazi ya maneno.

Goma kuna kituo cha kuchunguza volkano, kinachojulikana kwa kifupi cha Kifaransa OVG, kilichoanzishwa 1986. Fedha za mradi wa Benki ya Dunia zilizokuwa zikikisaidia zilikwisha mwaka 2020. Kuanzia Oktoba 2020 hadi Aprili 2021 kituo hakikuweza kufanya uchunguzi wake ipasavyo. Hata fedha za kulipia intaneti ya kuleta taarifa kutoka kwenye vyombo mlimani zilikosekana. Mwezi uliofuata, Mei, mlima ukapasuka. Soma tena sentensi hizo mbili, kisha kumbuka bei ya usiku mmoja ukingoni. Dunia inapenda kuutazama moto ule. Kuulipia ulinzi wa walio chini yake, hapo mikono inakuwa mizito.

Ngoja, sitaki kuwazuga. Ukweli una pembe nyingine. Watafiti waliochapisha uchambuzi wao mwaka 2022 walionyesha kwamba mlipuko wa 2021 haukutanguliwa na dalili za wazi za siku au wiki. Vyombo vilianza kuonyesha jambo lisilo la kawaida kiasi cha dakika 40 tu kabla ya lava kutoka. Kwa hiyo hata kama kila bili ya intaneti ingelipwa, mji ungepata dakika 40.

Kaa na namba hiyo. Dakika 40 ni muda wa kipindi kimoja darasani. Ni muda wa kupika wali. Mji wa watu zaidi ya nusu milioni umepewa dakika 40. Kitu gani kinaweza kuingia katika kila uwanja wa nyumba, kila baa, kila kanisa, ndani ya dakika hizo? Hakuna mashine ya namna hiyo. Kuna neno tu. Neno fupi, la Kiswahili cha pale, ambalo mtoto wa miaka saba alishalijua tangu zamani kupitia wimbo, hadithi au mchezo wa redio. Msomi anaweza kupima tetemeko. Kumfanya bibi na mjukuu wajue nini cha kufanya wakisikia neno fulani, hiyo ni kazi yetu. Na hatuifanyi, kwa kuwa tuko bize na sisimizi na Muumba.

Eti Kiswahili hakina maneno ya sayansi? Hebu sikilizeni neno hili: mazuku. Watu wa Goma na Sake wanaita hivyo hewa inayoua. Ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, haina rangi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatulia mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umelala. Mbuzi akiingia, haondoki. Mama akipita amesimama wima anaweza kuvuka. Mtoto wake mfupi, au yeye mwenyewe akiinama kuokota kuni, anaanguka. Wenyeji huieleza kuwa upepo mbaya. Sikio la mtu wa pwani litakumbuka mizuka. Na leo wanasayansi wa volkano wanaoandika kwa Kiingereza na Kifaransa wanaandika mazuku, hivyohivyo, kama istilahi ya taaluma.

Mnaona? Kamusi zetu zina kasoko kwa kreta na zaha kwa lava. Maneno mazuri, yamekaa kwenye kamusi kama masofa yaliyofunikwa nailoni. Lakini neno lililoingia kwenye vitabu vya dunia lilitoka kwa watu waliokuwa wakiwazika mbuzi na watoto wao. Walilihitaji, wakalitunga, likafanya kazi. Mwaka 2023 na 2024, vita vilipowasukuma mamia ya maelfu ya watu kwenye kambi za kuzunguka Goma, mahema yalipigwa juu ya lava ileile, na mengine upande wa magharibi, ambako mazuku yanajulikana tangu zamani. Mgeni asiye na neno hilo alikuwa hatarini kuliko mwenye nalo. Hapo neno si pambo. Ni uhai.

Na sisi? Sisi tunakicheka Kiswahili cha Goma. Mkongomani akisema "batoto" badala ya "watoto", kijiwe kinaangua kicheko, eti kaharibu lugha. Nani kaharibu? Yeye ameipa dunia mazuku. Wewe umeipa dunia nini, "machweo ya dhahabu"?

Nayajua majibu yenu, nimeyasikia mengi. La kwanza: sanaa haitumwi, uzuri una haki yake. Sawa. Sijasema usiandike uzuri. Nasema andika uzuri wote, pamoja na bei yake na mpagazi wake. Moto ule ni mwekundu zaidi ukijua uko juu ya paa la nani. Ukiondoa mji, umepunguza hata huo uzuri unaoutetea.

La pili: watalii ndio wanaoitunza hifadhi. Hili lina uzito na silipuuzi. Fedha za vibali zilisaidia kulipa mishahara, na zaidi ya askari wa wanyamapori 200 wameuawa kazini katika hifadhi ile. Mwaka 2018 hifadhi ilifungwa kwa wageni kwa miezi kadhaa baada ya askari mmoja wa kike kuuawa na watalii wawili wa Uingereza kutekwa. Kwa hiyo simfukuzi mtalii. Namfukuza kwenye kiti cha mwandishi tu. Aje, alipe, atazame, aende salama. Hadithi asimulie yeye kwa kwao, na sisi kwa kwetu.

La tatu, lile la chini kabisa: "Kongo si kwetu." Basi na lugha si yetu. Huwezi kujisifu kila siku kwamba Kiswahili kinaongewa na mamilioni kuanzia Lamu hadi Kisangani, halafu ukifika wakati wa kuwasikiliza hao mamilioni unatoa ramani na kuhesabu mipaka. Januari 2025 Goma ilitekwa na M23, na habari za mji ule zikawa za bunduki. Bunduki zinakuja na kuondoka. Mlima haukutia saini mkataba na mtu, na moto umeonekana tena ndani ya kreta tangu ziwa lile lilipomwagika 2021.

Basi nataka nini? Nataka mwandishi kijana, kabla ya kuandika kreta, ajue tarehe tatu: 1977, 2002, 2021. Ajue lava ile ina kasi gani. Amtafute Mkongomani mmoja, nao wako tele mijini mwetu, kwenye saluni, kwenye bendi, kwenye maduka ya vitenge, amsikilize bila kumsahihisha ngeli. Aandike "batoto" pale mhusika anaposema batoto. Mpagazi apewe jina, na apewe sentensi zaidi ya "ndiyo bosi". Na mmoja wetu, mmoja tu, aandike mchezo mfupi wa redio wa zile dakika 40, wenye mama, watoto watatu na babu asiyetaka kuondoka nyumbani kwake. Huo nitaupigia makofi mpaka mikono iwake.

Neno la mwisho kutoka Goma. Kule "makala" maana yake ni mkaa, ule unaobebwa kwa magunia juu ya chukudu, baiskeli zao za mbao zisizo na pedali. Usiku makala yanaivisha maharage, watoto wanakula, wanalala chini ya mlima. Huku kwetu makala ndiyo haya unayoyasoma. Tuyaandike yawake nayo.